Joto la Wageni

Siku tulipomzika mama, kule Louisville, Mzee Shemasi, aliyesafiri kutoka Buffalo kuja mazishini, alisimama kando ya jeneza, akaegemea fimbo yake, akasema kwamba marehemu alikuwa mwanamke ambaye hakunung'unika hata siku moja ya maisha yake. Kanisa zima likaitikia amina. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, koti la mama limenilalia magotini, na hasira iliyonipanda ilikausha machozi yote niliyokuja nayo kutoka Columbus. Maneno yale hayakuwa kweli, na mzee alijua kwamba si kweli. Alikuwepo.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira na sitaomba radhi kwa hilo. Wengine wa rika langu hukumbuka utoto wao kwa upole, kila kitu kimepakwa asali. Mimi wangu naukumbuka meno yakiwa yameumana, kwanza kwa baridi, halafu kwa uchungu wa kuja kuelewa mambo nikiwa mtu mzima.

Koti lile nilikuwa nimelitoa kabatini mwake asubuhi hiyo. Ni koti zito la rangi ya kahawia, la kupewa, na vifungo vyake viwili havifanani na vingine. Lina harufu mbili ambazo hazikutoka hata lifuliwe mara ngapi: samli, na gesi ya jikoni. Nilipoliinamia tu pale kanisani nikajikuta nimerudi Buffalo, kwenye nyumba ya mbao katika barabara ndogo inayotokea barabara kuu ya Bailey, nikiwa mtoto wa darasa la tatu.

Tulikuwa watano. Baba alifanya kazi ya kufungasha nyama kiwandani. Mama alikaa nyumbani na mdogo wangu Riziki, ambaye alikuwa bado anatambaa. Na tulikuwa na Koko, mama yake baba. Kwetu bibi huitwa hivyo. Tulitokea milima ya Kivu ya Kusini, tukapitia kambini, tukaletwa pale. Watu walipotuonya juu ya majira ya baridi ya Buffalo, baba alicheka. Sisi ni watu wa juu, alisema, ukungu unatusubiri mlangoni kila asubuhi, na wachungaji wetu wa ng'ombe wanavaa makoti mazito na kofia za sufu mwaka mzima. Nani atatufundisha baridi? Mama naye akacheka kwa sababu baba amecheka.

Kabla theluji haijaanza, ofisi iliyotupokea iliita familia zetu ukumbini ili tufundishwe namna ya kuvuka majira hayo kwa moyo mkunjufu. Mwalimu alikuwa dada mmoja kijana mwenye tabasamu ambalo halikupumzika. Alisema tuwashe mshumaa wenye harufu nzuri, tunywe vitu vya moto, tutoke nje kila jua likionekana, na kila asubuhi tutaje jambo moja jema. Mzee Shemasi ndiye aliyekuwa anatafsiri, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kimetangulia cha wengine, na yule dada akisema sentensi moja, shemasi alitafsiri mahubiri. Akatuingiza jangwani pamoja na wana wa Israeli. Akatueleza jinsi walivyonung'unika kwa ajili ya maji, wakanung'unika kwa ajili ya nyama, na jinsi Mungu alivyowachoka. Dada yule alitikisa kichwa kwa furaha kuona maneno yake yamepokelewa vizuri namna ile. Mwishoni kila familia ilipewa mshumaa wa harufu ya mdalasini.

Sina ugomvi na yule dada. Mtu akikuambia uwashe mshumaa na unywe chai hajakukosea kitu. Ugomvi wangu ni na kile tulichokifanya sisi wenyewe na ushauri wake. Baba alitoka pale ameshika mshumaa kama ameshika amri. Kuanzia kesho yake, kabla ya chai, kila mtu nyumbani alilazimika kusema shukrani moja, na neno baridi likapigwa marufuku. Mtu akitetemeka alisema hali ya hewa. Mimi nilishukuru kwa viatu, kwa basi la shule, kwa mkate. Koko alikuwa na shukrani moja tu, ile ile kila siku, kwamba anashukuru kwa sababu ameamka.

Kisha, theluji ikiwa imeshafika kwenye vizingiti vya madirisha, hita kubwa iliyokuwa chini ya nyumba ilikohoa asubuhi moja na kunyamaza. Baba hakumpigia mwenye nyumba. Alimpigia Mzee Shemasi, kwa kuwa ndiye aliyetutafutia ile nyumba na ndiye aliyejua kuongea na mwenyewe. Mzee alikuja, akashuka chini, tukamsikia akiipiga piga ile hita kwa kiatu. Alipopanda alikuwa amejifuta mikono na ameshapata neno la kutuambia.

"Bon, ndugu yangu," alimwambia baba. "Huyu muzungu alitupokea wakati bengine balitukatala, juu tuko na batoto mingi. Tukianza kumulilia kila siku, kesho atasema hawa bantu ya Congo iko ya kelele, na familia zote zitaumia. Donc, vumilieni. Baridi haikae milele."

Yeye peke yake ndiye aliyeweza kulitamka lile neno ndani ya nyumba yetu bila kukemewa. Baba alimshukuru, akamsindikiza hadi kwenye gari. Leo ninaweza kukubali kwamba mzee alikuwa na woga wake wa kweli. Zilikuwepo familia nyingi zilizopata pa kulala kwa sababu ya jina lake. Lakini woga wake alitupa sisi tuulalie, yeye akaenda kulala kwake palipokuwa na joto.

Tukahamia jikoni. Mama aliwasha oveni, akaacha mlango wake wazi, na pale mbele yake yakatandikwa magodoro: baba, mama, Riziki na mimi. Tuliamka na vichwa vizito na nguo zinanuka gesi. Ungeuliza, na Koko? Chumba cha Koko kilikuwa cha nyuma kabisa, kimejengwa juu ya baraza, upepo unapita chini yake. Barafu ilishika kioo cha dirisha kwa ndani. Lakini Koko hakuweza kuja jikoni kulala, kwa sababu mama mzazi halali chumba kimoja na mwanawe aliyelala na mkewe. Huo ni mwiko kwetu na hakuna aliyekuwa tayari hata kuujadili. Mama alijaribu njia nyingine. Alisema Koko alale jikoni na sisi watoto, yeye na baba waende chumba cha nyuma. Koko akakataa, mtoto mchanga analala na mama yake, alisema, na mimi nimeishazoea milima. Akaingia chumbani mwake amevaa sweta mbili, kofia na viatu, na akawa analala hivyo hivyo, viatu miguuni.

Siku moja nilimpelekea chai nikamkuta amekaa kitandani, mikono ndani ya makwapa. Nilimuuliza kama milimani kulikuwa hivi.

"Baridi ya kwetu inakaaka inje," alisema. "Unafunga mulango, unakuta moto katikati ya nyumba, unaiacha kule. Hii ya hapa iko na ufunguo."

Nilikimbia kumwambia baba kwamba Koko ametaja neno. Nilikuwa mtoto mtiifu wa aina hiyo.

Halafu ikaja habari kwamba mama mmoja wa ile ofisi atatutembelea aone tunavyoishi. Ninyi mliolelewa kama mimi mnajua maana ya habari hiyo. Mgeni anakuja. Kule milimani mgeni anapewa maziwa hata kama ndama atalala na njaa, na hakuna mwenye nyumba anayemuonesha mgeni paa linapovuja. Basi asubuhi ya siku ile wanawake wa kanisa walijaa kwetu. Mama Upendo, Mtanzania aliyekuwa anasali nasi na aliyefanya kazi ya kutunza wazee, alitoka kwake akiwa amekumbatia hita mbili za umeme. Aliingia akicheka, theluji kichwani, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Shemasi akaleta hita ya tatu. Oveni ikawashwa hadi mwisho. Sambusa zikakaangwa, chai ya maziwa ikachemka, mshumaa wa mdalasini ukawekwa katikati ya meza. Koko alivalishwa kitenge kipya akakalishwa karibu na jiko, na mlango wa chumba chake ukafungwa.

Yule mama aliingia, akavua koti, akavua skafu, na baada ya kikombe cha kwanza akavua hata sweta. Mashavu yalimwiva. Alisema nyumba yetu ni ya kupendeza kuliko zote alizozitembelea wiki ile. Kisha akauliza, na Mzee Shemasi akatafsiri, kama kuna shida yoyote na nyumba.

"Tunashukuru sana," alisema baba. "Hakuna shida hata moja."

Mama alikuwa anamimina chai. Aliimimina mpaka ikafurika kikombe, na hakuna aliyemkaripia kwa sababu mgeni alikuwa anatazama.

Mgeni aliondoka na sambusa za kwenda nazo. Hazikupita dakika nyingi, hita zile zikachomolewa ukutani zikiwa bado za moto na kurudishwa kwa wenyewe, maana nao walikuwa na watoto. Oveni ikapunguzwa. Hadi giza linaingia, Koko alikuwa amerudi kwenye chumba chake na barafu imerudi kwenye kioo. Kila nikiikumbuka siku ile damu inanichemka. Mtu alitumwa kuja kuuliza kama tunaganda, nasi tukampikia. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo tulivyofanya, isipokuwa chini ya kombe tulikuwa tumemfunika Koko.

Lakini hayo ni mawazo ya leo. Siku ile mimi sikuona udanganyifu wowote. Niliona muujiza. Nyumba ilikuwa na hali ya hewa mbaya, mgeni akaja, joto likaja; mgeni akaondoka, joto likaondoka naye. Na nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu Mama Upendo akisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilichukua maneno yake kama yalivyo. Niliamini kwamba joto huja na wageni, kwamba wanalibeba ndani ya makoti yao na ndiyo maana wanayavua wakifika. Hata Mzee Shemasi alipopita kutusalimia, si mama alikuwa anaongeza moto wa oveni? Kila ushahidi uliniunga mkono.

Nikawa mwindaji wa wageni. Nilisimama dirishani nikihesabia kila mtu apitaye kuwa wetu. Shuleni mwalimu aliponiuliza hali ya nyumbani nilimjibu, "I'm fine," kama tulivyojibu sote, halafu nikamwomba aje kwetu, na asisahau kuvaa koti. Alicheka, akasema ipo siku. Nilisubiri ile siku kwa imani kubwa kuliko niliyowahi kuwa nayo kanisani.

Ikafika Jumapili moja. Tulikuwa tumesimama jikoni kwa ajili ya shukrani. Koko alikuja amechelewa, ameshika ukuta, akasema ile yake ya kuamka, lakini aliisema akiwa amefumba macho. Zamu yangu ilipofika, niliona wazi kinachohitajika.

"Namushukuru Mungu juu ya bageni," nilisema. "Leo atuletee mugeni mumoja aende kukaa na Koko kwa chumba yake, ili naye apate joto."

Baba alisema amina. Mama aliweka kikombe chini, akanitazama kwa muda mrefu sana, na mimi nikadhani nimekosea jambo. Kisha akamshika Koko mkono, akamrudisha chumbani. Nilimsikia akimwambia avue viatu. Koko alikataa. Mama akamwambia tena, safari hii bila ile heshima ya mkwe kwa mama mkwe, na Koko akanyoosha miguu. Mama alipotoka kuchukua kopo la samli nikamfuata nyuma.

Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeusi, kama ndizi iliyosahauliwa. Mama alikuwa amepiga magoti, samli imejaa viganjani, anapaka na kuomba na kupaka. Koko aliangalia dirishani.

"Ni rangi ya viatu ile," alisema Koko.

Mama alimaliza kupaka, akavifunga vile vidole kwa kitambaa, akaizungushia miguu yote miwili shali lake. Akavaa koti lake la kahawia juu ya samli hiyo hiyo, bila kunawa mikono. Baba alisema Koko abaki nyumbani, mama akasema Koko anaenda kanisani. Shemasi alipokuja na gari lake kutuchukua, mama alimwonesha miguu iliyofungwa na kuomba wapitie hospitali. Mzee alisema itakuwa baada ya ibada, kwa sababu ana watu wengine wa kuwapitia.

Tulikuwa tunaazima ukumbi wa chini katika kanisa la wazungu. Jambo hili nalo linaniudhi mpaka leo: ukumbi ule ulikuwa wa moto. Kila Jumapili tulikaa kwenye joto la watu tukimshukuru Mungu kwa nyumba zetu.

Ulipofika muda wa ushuhuda, mama alisimama. Lazima nieleze ushuhuda kwetu unavyokwenda, ingawa najua wengi wenu mnajua. Unasimama, unasalimu, unasema ulivyopatwa na taabu, halafu unasema Mungu alivyokutoa. Huo mwisho ndio ushuhuda wenyewe. Ukikosa ushindi huna ushuhuda. Unakaa chini, unaomba, unasubiri mpaka ushindi ufike ndipo usimame. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo na hakuna aliyewahi kuivunja.

"Bwana asifiwe," alisema mama.

"Amina."

"Nyumba yetu iko baridi."

Watu walikuwa wanasubiri Mungu aingie kwenye habari.

"Moto ya nyumba ilikufa kitambo," mama aliendelea. "Mama ya bwana yangu analala na viatu. Leo asubuhi nimemuvua. Bidole yake iko nyeusi."

Hapo Mzee Shemasi akasimama na kusema haleluya kwa sauti kubwa, na kabla ya mtu kuelewa, akaanzisha pambio. Watu walilishika haraka, wakapiga makofi, wakaliimba kwa nguvu ya watu waliookolewa kwenye aibu. Ndivyo inavyofanyika mtu anapokosea mbele za watu. Unamwimbia mpaka akae. Baba alikuwa anavuta koti la mama chini. Mama hakukaa. Alisimama pale mikono imelegea, samli inang'aa kwenye vidole, akawaacha waimbe. Wakarudia kiitikio, wakarudia tena. Mwishowe makofi yakaanza kuchoka, sauti zikapungua moja moja, na pambio likafa. Mama alikuwa bado amesimama.

"Mama mugeni wa ofisi alikuja, tukamuficha," alisema. "Tulimuambia hakuna shida. Mutoto wangu anaomba bageni kwa Mungu, anazania ni bo banakuya na joto. Ushindi sina. Ni ile tu."

Akakaa. Nilikuwa nimejiinamia kwa aibu, nikimwonea hasira mama yangu kwa mara ya kwanza maishani. Nilidhani ametuharibia. Nilifikiri, sasa nani atakuja kututembelea?

Mama Upendo ndiye aliyeinuka. Alipita katikati ya viti, akapiga magoti mbele ya Koko, akafungua shali, akatazama. Aliporudi kusimama alikuwa hacheki.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Bibi huyu anakwenda hospitali sasa hivi. Siyo baada ya sadaka."

Koko alikatwa vidole viwili. Daktari aliuliza, kupitia mkalimani wa kwenye simu, kama nyumbani kuna joto, na baba akaangalia sakafu. Mama alijibu neno moja.

Wiki hiyo Mama Upendo alipiga simu ofisi ya jiji, kwa watu wanaokagua nyumba, na mmoja wao akatumwa kwetu. Mwanamume mrefu, mpole, mwenye ubao wa kuandikia na viatu vilivyojaa theluji. Nilifurahi mno nilipomwona kwenye ngazi. Mgeni. Nikamsubiri mama aanze shughuli, lakini mama alikuwa amezima oveni tangu alfajiri. Hakukopa hita. Hakuweka chai. Sijawahi kumwona mama akimpokea mtu bila chai, wala kabla wala baada, na najua kilichomgharimu. Alimpeleka moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma, akamwonesha kitanda cha Koko akae, na kwa mikono akamwonesha avue koti. Yule bwana alisita. Mama akasimama mbele yake mpaka akalivua.

Mimi nilikuwa mlangoni, nasubiri joto lake litoke. Alikaa pale na shati lake. Alishika ukuta, akashika dirisha, akaandika. Kisha akageuka kuniuliza jina langu, na alipofungua kinywa, moshi ukamtoka, moshi ule ule uliokuwa unatutoka sisi. Nilitazama ule moshi. Mgeni alikuwa anatetemeka. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuna mtu aliyewahi kuingia nyumbani kwetu na kitu chochote ndani ya koti lake, na kwamba joto la siku ile watu wazima walikuwa wameliazima, wakalirudisha, na Koko wakamrudisha pamoja nalo kwenye barafu.

Hita ilitengenezwa kabla ya wiki kuisha. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu, na hilo ndilo ambalo sijalisamehe.

Theluji ilipoyeyuka mwenye nyumba alituambia tutoke nyumbani mwake, tukahamia Columbus, mtaa wa Linden, kwa mjomba. Hakuna familia nyingine hata moja iliyofukuzwa. Lakini huko Buffalo ikahubiriwa, nasi tukaletewa habari, kwamba mnaona mwisho wa manung'uniko. Wanawake kadhaa waliokula sambusa zetu waliacha kumpigia mama simu. Baba hakumgombeza, alimnyamazia, kwa muda mrefu kuliko ile baridi yenyewe. Na mama hakusimama tena kanisani kusema lolote, wala Linden, wala Louisville walikohamia kwa ajili ya kazi ya baba. Labda ndiyo maana watu waliamini alizaliwa bila malalamiko. Koko peke yake ndiye aliyeiweka habari mahali pake. Aliishi miaka mingi, akitembea upande upande, na asubuhi aliposhukuru kwa kuamka aliongeza jambo la pili: "Na juu ya mukwe wangu. Alinisemea."

Mimi sikatai shukrani. Ninafanya kazi ya kutunza wazee mtaa wa Clintonville, Columbus, na kila majira ya baridi yakianza wakubwa wetu hubandika ukutani ushauri ule ule, chai, jua, mambo mema ya kutaja. Nauona ni ushauri mzuri. Hata mshumaa wa mdalasini ninao. Ila nikiingia kwenye chumba cha mzee yeyote, kabla ya habari za asubuhi, ninashika ukuta, halafu ninashika miguu yake.

Basi Mzee Shemasi alipomaliza kumsifu mama na kukaa, wakaniita mimi, mtoto wa kwanza, niseme neno la familia. Nilivaa lile koti. Lilikuwa kubwa kwangu. Baba, ambaye sasa hasikii vizuri, aliniinulia kichwa. Nilisimama mahali alipokuwa amesimama mzee, nikaweka mkono juu ya jeneza.

"Bwana asifiwe," nilisema.

"Amina."

"Mama yangu alinung'unika."

Mzee Shemasi alisimama na fimbo yake, akasema haleluya, akaanzisha pambio. Walilishika vizuri, kwa makofi. Nilikifunga kile kifungo cha juu cha koti, kisichofanana na vingine, nikabaki nimesimama, nikausubiri wimbo uishe.